Tumbo la Kiwavi

Leo naiacha bei ya shaba na kobalti kwa wenzangu wa habari. Nataka tuzungumze juu ya tumbo la kiwavi. Tumbo hilo linaamua kwa sehemu kubwa unga wa bukari, yaani ugali, utakaokuwa nyumbani baada ya mavuno, na tumbo hilohilo ndilo linaloyageuza majani ya msituni kuwa finkubala, viwavi wa kuliwa tunaowakaanga kwa vitunguu na nyanya.

Tuanze na finkubala, maana hivyo tunavijua tangu utoto. Mama anayetayarisha finkubala hamwaniki kiwavi kama alivyomwokota. Anamshika kwa vidole viwili, anamkamua kutoka kichwani kwenda nyuma, na uji mzito wa kijani unatoka. Uji ule unamwagwa, kiwavi anachemshwa kwa chumvi, kisha anaanikwa juani. Mimi nawaomba leo muuangalie ule uji kabla haujamwagwa. Ni jani lililokuwa mtini saa chache zilizopita, na sasa liko nusu ya safari ya kuwa nyama. Ndani yake mna vimeng'enya, yaani protini ndogondogo ambazo kazi yake ni kuvunjavunja chakula. Kila kimeng'enya kina maagizo yake ya kutengenezwa, na maagizo hayo yameandikwa katika jeni ambazo kiwavi amerithi kwa wazazi wake. Habari ya jeni hizo ni ndefu, imechukua mamilioni ya miaka, na inamhusu mkulima wa Kakanda, hapa kwetu Katanga, kuliko anavyodhani.

Kiwavi ni mtoto wa nondo au wa kipepeo. Nondo wengi wakubwa wa misitu yetu ya miombo, wale wenye mabawa mapana yenye alama za macho, wakishapata mabawa hawali kabisa. Mdomo wao umedumaa. Wanaishi siku chache, wanajamiiana, wanataga, wanakufa. Nguvu yote ya kuruka na mafuta yote ya mayai vililiwa zamani, wakati wa ukiwavi. Kwa hiyo kizazi kizima kinategemea wiki chache ambazo mdudu ni tumbo lenye miguu. Mwaka 1980, enzi za Zaire, François Malaisse na G. Parent waliandika juu ya viwavi wanaoliwa katika kusini ya Shaba, ndiyo Katanga yetu hii, na orodha yao ilikuwa ndefu. Wengi wao wanaishi kwa majani ya miti ambayo wewe ukiyatafuna utayatema.

Kwa nini utayatema? Kwa sababu ya tanini. Ni ile dawa ya mti inayoukausha ulimi na kuukunja mdomo, ileile inayotumika kutengeneza ngozi za wanyama zisioze. Tanini inashika protini. Inashika protini za jani lenyewe zisiyeyuke, na inashika vimeng'enya vya anayekula visifanye kazi. Mti haukimbii, haupigi kelele, ila umejaza majani yake kitu kinachomfanya mlaji afe njaa huku tumbo limejaa.

Viwavi walilijibu jambo hilo kwa namna ambayo kila nikiisoma inanistaajabisha. Tumbo lako na langu lina asidi kali. Tumbo la kati la kiwavi liko upande wa pili kabisa: ni alkali. Kipimo chake cha pH mara nyingi kinafika 9 au 10, na kwa baadhi ya viwavi kinapita 11. Katika alkali kali namna hiyo tanini inapoteza mshiko wake juu ya protini. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani May Berenbaum alilinganisha viwavi wa aina nyingi na kuona kwamba wanaokula majani ya miti huwa na tumbo lenye alkali zaidi ya wanaokula majani ya mimea laini. Mti na tumbo vimesukumana mpaka vikafika hapo.

Lakini alkali ni makali. Inaharibu protini nyingi, na vimeng'enya navyo ni protini. Hapo ndipo jeni zinapoingia. Kongosho lako linatoa kimeng'enya kiitwacho tripsini, nacho kinakata protini za maharagwe, samaki au nyama uliyokula. Kiwavi naye ana tripsini. Ni ya ukoo mmoja na ya kwako, na ukiyafuata maumbile yake nyuma, nyuma, unafika kwa babu mmoja wa zamani mno, kabla hajakuwapo mdudu wala mtu. Tofauti ni kwamba tripsini ya kwako inafanya kazi vizuri kwenye pH ya 8 hivi, na ya kiwavi inaendelea kukata kwenye 10 na zaidi. Watafiti walipochunguza tripsini ya nondo wa tumbaku, Manduca sexta, katika miaka ya 1990, waliona ina aginini nyingi na laisini chache. Hizo ni asidi amino, vipande vinavyounda protini. Laisini inapoteza chaji yake katika alkali kali, aginini haipotezi. Kipande baada ya kipande, kizazi baada ya kizazi, kilichoharibika kilitoka na kinachostahimili kikabaki.

Nisimame kidogo kwenye neno "kikabaki", maana hapa ndipo wengi tunapoteleza. Hakuna kiwavi aliyekaa akafikiri. Nondo jike anataga mayai mengi, na watoto wake hawafanani kabisa. Mmoja amezaliwa na tripsini iliyo tofauti kidogo, anakula jani vizuri kuliko nduguze, anakua haraka, anawahi kuwa nondo, naye anataga. Wale wengine wanadumaa na kuliwa na ndege. Hayo ndiyo mageuko ya viumbe. Hayana nia, yana hesabu ya nani amezaa na nani hakuzaa.

Sasa, mdudu anawezaje kubadilisha kimeng'enya anachokihitaji kila siku bila kufa njaa katikati ya mabadiliko? Jibu ni kwamba jeni hunakiliwa. Mara kwa mara, wakati chembe za uzazi zinatengenezwa, kipande cha maagizo kinaandikwa mara mbili kwa makosa. Mama mwenye sufuria moja tu hathubutu kuijaribia kitu kigeni, maana ikiungua watoto watalala njaa. Akiwa na mbili, moja anapikia bukari kama kawaida na ya pili anaweza kuihatarisha. Nakala moja ya jeni inaendelea na kazi ya zamani, na ya pili iko huru kubadilika. Nyingi zinaharibika tu. Chache zinapata kazi mpya. Kisha hizo nazo zinanakiliwa. Jenomu ya Helicoverpa armigera, yule kiwavi anayetoboa nyanya, pamba na magunzi ya mahindi huku kwetu, ilitangazwa mwaka 2017, na mle jeni za kusaga protini zimekutwa zimejipanga kwa makundi, ndugu kando ya ndugu, kila mmoja na tofauti yake ndogo.

Makundi hayo yana faida gani? Sikilizeni upande wa mimea. Mwaka 1972, huko Marekani, Terry Green na Clarence Ryan walionyesha kwamba mmea wa nyanya ukitafunwa na mdudu, majani yake yanaanza kutengeneza protini inayoziba vimeng'enya vya tumboni. Na haikuwa pale palipojeruhiwa tu, hata majani mengine ambayo hayajaguswa yalijiandaa. Mdudu anakula jani, na jani linamfunga tumbo. Watu wakafurahi: basi tuziongeze protini hizo katika mazao yetu, tumeshinda! Mwaka 1995 Maarten Jongsma na wenzake wakaja na habari nyingine. Waliwapa viwavi wa Spodoptera exigua majani yaliyojaa kizuizi kutoka kwa viazi ulaya. Viwavi waliendelea kukua. Walipopimwa tumbo, vimeng'enya vilivyokuwa vinazibwa vimepungua umuhimu, na vingine visivyozibika vimeongezeka. Kiwavi alikuwa na akiba ya nakala, na chakula chenyewe kilimchagulia zipi ziwashwe. Ndiyo maana silaha moja haimtoshi mdudu wa namna hii.

Na siyo kila jeni aliirithi kwa wazazi wa jamii yake. Majani ya mforosadi yana utomvu wenye sumu zinazofanana na sukari. Zinaingia katika kimeng'enya cha kusaga sukari cha wadudu wengi na kukizuia. Kiwavi wa hariri anayala majani hayo maisha yake yote na ananenepa. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, Takaaki Daimon na wenzake, walieleza siri mojawapo: kiwavi huyo ana kimeng'enya kingine cha kuvunja sukari ambacho hakikuwa kimejulikana kwa wanyama, na jeni yake inafanana na ya bakteria. Zamani sana, katika ukoo wa nondo, jeni ya bakteria iliingia katika chembe za uzazi ikakaa, ikarithiwa. Ile sumu ya mforosadi haikizuii kimeng'enya hicho. Nondo wa hariri na nondo wakubwa wanaotuzalia finkubala ni wa koo za karibu, wote katika tawi moja kubwa la nondo.

Basi tuingie shambani, maana najua wapo wanaosema, mwalimu, mahindi yangu je?

Mnamjua. Yuko ndani kabisa ya moyo wa muhindi, pale majani machanga yanapojikunja. Ukiyafunua unakuta unga wa rangi ya mbao, umelowa, unanuka. Ni kinyesi chake. Chini yake amejikunja yeye mwenyewe, kichwani ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana vidoa vinne vyeusi vilivyokaa kama pembe za mraba. Huyo ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Kwao ni Amerika. Barani Afrika alitangazwa mwaka 2016 huko Afrika ya magharibi, na kabla mwaka ule haujaisha alikuwa ameshaonekana Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Ameorodheshwa kula aina za mimea zaidi ya 350. Hakuna tumbo la kawaida linaloweza kufanya hivyo. Ni tumbo lenye akiba kubwa ya jeni.

Muhindi haujakaa kimya mbele yake. Una sumu iitwayo DIMBOA. Ndani ya jani sumu hiyo imefungwa kwa sukari ili isiudhuru mmea wenyewe. Kiwavi akitafuna, kimeng'enya cha muhindi kinaiondoa sukari, sumu inafunguka ndani ya tumbo lake. Viwavi wengi inawaumiza. Kiwavijeshi vamizi ana kimeng'enya kinachoifunga tena ile sumu kwa sukari, na, angalieni ustadi huu, anaifunga kwa kuigeuza upande wa pili. Kimeng'enya cha muhindi kinachofungua sukari hakiwezi kuufungua mfungo uliogeuzwa. Sumu inapita tumboni, inatoka na kinyesi. Jambo hili lilielezwa mwaka 2014 na watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Jena, Ujerumani. Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo niliwaza juu ya wakulima wetu wanaoambiwa wavivu kwa sababu shamba limeliwa. Adui waliyenaye amefanya mazoezi dhidi ya muhindi kwa muda mrefu kuliko kijiji chochote kilivyowahi kuwapo.

Ipo pia mbegu ya mahindi inayompiga tumboni. Ndani ya tumbo la kiwavi chakula kimezungukwa na utando mwembamba unaolinda ukuta wa utumbo. Baadhi ya mahindi yenye asili ya visiwa vya Karibi, kiwavi akiyatafuna, yanakusanya pale pale kimeng'enya kinachokata protini na kuutoboa utando huo. Kiwavi anadumaa. Tibor Pechan na wenzake huko Mississippi walilionyesha hilo mwaka 2002. Haya ni mahindi yaliyozalishwa kwa kuchagua mbegu, namna babu zetu walivyokuwa wakichagua magunzi ya kutundika juu ya moshi wa jikoni. Kwa hiyo nawaambia watafiti wetu wa mbegu, wa Kipopo na kwingineko Katanga: njia ya tumbo ipo wazi, ifuateni.

Sasa dawa. Kuna dawa inayotoka kwa bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, watu humfupisha wakasema Bt. Shigetane Ishiwata alimgundua Japani mwaka 1901 katika viwavi wa hariri waliokuwa wakifa. Bakteria huyo anatengeneza fuwele ya protini. Ukiimeza wewe, tumbo lako la asidi linaisaga kama protini nyingine. Akiimeza kiwavi, ile alkali yake inaiyeyusha, na vimeng'enya vyake mwenyewe vinaikata na kuigeuza sumu inayotoboa utumbo. Anakufa kwa ufundi wa tumbo lake. Ni dawa nzuri, naipenda kuliko zile kali za kemikali zinazowalewesha vijana wetu wanaopulizia bila kinga.

Lakini hata hapo mageuko yanafanya kazi. Mwaka 1997 Brenda Oppert na wenzake walionyesha kwamba nondo wa nafaka, Plodia interpunctella, mlaji wa ghala zetu, alipata ukinzani dhidi ya Bt kwa kupoteza kimeng'enya kimoja kikubwa cha tumboni. Sumu haikukatwa, basi haikuwa sumu. Kiwavijeshi vamizi naye, huko Puerto Rico, alishinda mahindi yaliyotiwa jeni ya Bt kwa njia nyingine. Na wengi wa viwavi hawa walifika Afrika wakiwa tayari wamebeba mabadiliko ya jeni yanayowakinga na baadhi ya dawa za zamani za kemikali. Ndiyo maana jirani anapulizia, anapulizia tena, anaongeza kipimo, na viwavi wako palepale. Wanaokufa ni wale dhaifu. Wanaobaki ndio wazazi wa viwavi wa mwezi ujao, na mzunguko wake wakati wa joto ni siku 30 hivi.

Hukumu yangu ni hii: kupulizia dawa moja msimu mzima ni kumfundisha kiwavi. Mfanyieni mambo mengi kwa pamoja, na myafanye akiwa mdogo, maana chakula kingi anakila katika hatua zake za mwisho, na akishajificha moyoni mwa muhindi dawa haimfikii. Pandeni na mvua za kwanza, wote pamoja, msiache shamba moja likichelewa kuwa kitalu cha wengine. Mara mbili kwa wiki, pita kati ya mistari, pondaponda mafungu ya mayai yenye manyoya chini ya majani. Fungu moja lina mayai 100 au 200. Wakulima wengi Afrika hutia mchanga au majivu katika moyo wa muhindi, na inasaidia. Huko Kenya kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimewafundisha wakulima kuchanganya mahindi na mmea wa desmodium katikati na nyasi za brachiaria pembeni, na utafiti wao uliotoka mwaka 2018 ulikuta viwavi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba hayo. Bt itumike jioni, maana jua linaiharibu, na mwaka mwingine ibadilishwe.

Na neno la mwisho ni kwa wale ambao shamba lao linapakana na msitu. Bt haichagui nondo. Upepo ukiipeleka kwenye mutondo, mti wanaoulia finkubala, basi finkubala vitakufa vilevile, kwa maana tumbo ni la namna moja. Acheni mistari ya pembeni bila kupuliziwa. Na mti wenyewe tusiumalize kwa kuchoma makaa. Zambia, katika eneo la Kopa huko Mpika, Wabisa wana utaratibu wao ulioandikwa mwaka 2002 na Keith Mbata na wenzake: wanafuatilia ukuaji wa viwavi, wanalinda miti na mayai dhidi ya moto wa mwisho wa kiangazi, na wanaweka siku za kuokota na siku za kuacha. Wakubwa wa vijiji vya Kakanda, mnaweza kukaa mwezi huu, kabla moto haujawashwa porini, mkapanga siku zenu. Anzeni na moto. Mayai yakiungua, mwakani hakuna cha kukamua.